Bustani ya Lita Moja: Mwongozo wa Mnanaa kwa Nyumba za Handeni na Korogwe

Mwambie mtu wa Handeni aoteshe mnanaa, atakuuliza maji atatoa wapi. Ni swali la haki, na mwongozo wa bustani usioanzia hapo utakuwa umeandikiwa watu wa mahali pengine. Mji wa Handeni na vijiji vyake vingi hutegemea bomba kuu la maji liitwalo HTM, linalochota maji ya mto Pangani upande wa Korogwe na kuyapandisha hadi Handeni. Pale bomba lisipofika, au lisipotoa, watu hurudi kwenye malambo, visima na madumu yanayobebwa kichwani au kwa bodaboda. Kwa hiyo kabla ya udongo, mbolea na mapishi, tukubaliane kwanza kuhusu maji. Hoja yangu ni hii: mnanaa ni mmea wa uani, na kipimo chake ni jiko. Ukiupanda kwa kiasi cha majani ambayo nyumba yako inayamaliza kwa wiki, maji unayoyamwaga kila siku baada ya kuosha mchele na mboga yatautosha mwaka mzima, Januari na Februari zikiwemo. Ukiupanda kwa kipimo cha shamba utakuelemea, hata kama unakaa Korogwe na mto unapita karibu na mlango wako.

Hesabu ya maji

Chukua dumu la lita 20 lililopasuka, lisilofaa tena kuchotea. Lilaze ubavu na ukate upande wa juu wote. Utapata chombo chenye mdomo wa sentimita 35 kwa 25 hivi, pungufu kidogo ya sehemu ya 10 ya mita ya mraba. Katika joto la nyanda hizi, udongo wenye unyevu uliofunikwa na majani mabichi hupoteza maji ya kina cha milimita 4 hadi 6 kwa siku, na milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Kwa dumu letu hiyo ni karibu nusu lita. Mnanaa ukishamea hutanda nje ya mdomo wa chombo na upepo huupiga pande zote, basi tuwe waangalifu, tuzidishe mara mbili: lita moja kwa siku. Kwa mwezi ni dumu moja na nusu la maji, na kwa mwaka ni madumu 18 na kitu. Sasa tazama unachomwaga. Kuosha kilo moja ya mchele mara mbili au tatu hutoa zaidi ya lita mbili za maji meupe, na nyumba inayokula ugali haikosi maji ya kuoshea mchicha au tembele. Maji ya mnanaa yameshafika nyumbani na yameshalipiwa. Kilichobaki ni kuamua yamwagwe wapi.

Linganisha na shamba. Robo eka ni kama mita za mraba 1,000, na kwa kipimo kilekile cha milimita 5 itadai lita 5,000 kila siku ya kiangazi, yaani madumu 250. Hakuna kaya ya Sindeni wala Mkata itakayoyabeba hayo kwa ajili ya kiungo. Ndiyo maana wanaosema mnanaa haufai Handeni wanasema kweli wakiwa na shamba akilini, na wanakosea wakiwa na ua akilini. Mmea ni ule ule, na tofauti yote imo katika ukubwa wa chombo.

Lakini si kila maji machafu ni maji ya mnanaa. Maji ya kuoshea mchele, nafaka, mboga na matunda yanafaa kabisa. Maji yenye sabuni ya unga yana chumvi zinazojilimbikiza ndani ya chombo na kuunguza ncha za majani, kwa hiyo yaache. Vivyo hivyo maji uliyochemshia kitu kwa chumvi. Maji yaliyooshea nyama, kuku au samaki, na maji ya bafuni, usiyakaribishe kabisa, kwa sababu jani hili utalila bichi. Maji mwagia udongo, usimwagie majani, na fanya hivyo jioni jua likishapoa ili yakae usiku kucha kabla ya kuvutwa na joto. Ikiwa kisima chenu kina maji ya chumvichumvi, tegemea zaidi maji ya mvua mliyokinga, na mara moja kwa mwezi mimina maji matamu mengi kwa mpigo mpaka yatoke chini ya dumu, ili yaondoke na chumvi iliyojilimbikiza.

Kuujua mnanaa wenyewe

Jina mnanaa hubeba mimea zaidi ya mmoja, na ukikosea mwanzoni utakosea mpaka jikoni. Tunaoutaka hapa wataalamu wanauita Mentha spicata. Shika shina lake kati ya kidole gumba na cha shahada ulizungushe: utahisi pembe nne. Majani hutoka mawili mawili yakitazamana, na kila jozi hukata msalaba na jozi iliyo chini yake. Jani lina ukingo wenye meno kama msumeno, mishipa iliyozama, rangi ya kijani kibichi kilichochangamka, na limekaa juu ya shina karibu bila kikonyo. Ukiona kila jani lina kikonyo chake, shina lina wekundu wa zambarau, na ukitafuna ulimi unapoa kama umelamba peremende, huo ni ndugu yake, chotara aliyezaliwa kati ya mnanaa huu na mnanaa wa majini. Ubaridi wake unatokana na mentoli, na mentoli hufunika ladha ya mboga na nyama. Pembe nne peke yake hazitoshi kuwa ushahidi, kwani kivumbasi na mrehani pia ni wa ukoo huo na wana shina la namna hiyo. Kinachoamua ni pua: fikicha jani, harufu iwe tamu, ya kijani, isiyochoma.

Harufu hiyo ina jina, karvoni, na ina jambo la kustaajabisha ambalo mpishi yeyote wa pwani anaweza kulithibitisha. Kisibiti, ile mbegu nyembamba iliyopinda, nacho kinanukia kwa sababu ya karvoni. Kiini ni kimoja, ila cha mnanaa na cha kisibiti vimejengwa kama mkono wa kushoto na wa kulia: vinafanana kwa kila kitu, na havilali kimoja juu ya kingine. Pua ya binadamu inazitambua tofauti hizo na kukuambia kimoja ni cha chai na kingine ni cha mkate. Nimelitaja hili kwa sababu linaeleza kwa nini mnanaa huu hauwi na ubaridi wa dawa ya meno, na kwa nini unakaa vizuri na chakula cha chumvi.

Usitafute mbegu. Minanaa huchanganyikana kwa urahisi, na mbegu za mmea mmoja huweza kutoa watoto wenye harufu tofauti na mama yao, wengine wasio na harufu ya maana. Anza na kipande cha shina kutoka kwa mmea uliokwisha kuunusa na kuuonja. Ukikosa jirani mwenye nao, nunua fungu bichi sokoni Tanga mjini au Dar es Salaam, au muulize mtu anayeteremsha mboga kutoka Lushoto kupitia Mombo. Chagua mashina magumu kidogo, yasiyo na maua wala unga wa rangi ya machungwa chini ya majani. Fungu moja la chai laweza kukupa vipande kumi vya kupanda.

Kutoka glasi hadi dumu

Kata kila shina urefu wa sentimita 10 hadi 12, na kisu kipite chini kidogo ya kifundo, kwa sababu mizizi hutoka hapo. Ondoa majani ya nusu ya chini, acha jozi mbili au tatu juu. Simamisha vipande katika glasi ya maji masafi, mahali penye mwanga bila jua kali, na badilisha maji kila baada ya siku mbili. Baada ya wiki moja, au mbili kukiwa na baridi, utaona nyuzi nyeupe zikichomoza kwenye vifundo. Zikifika urefu wa kucha mbili, panda. Usingoje zaidi, maana mizizi iliyozoea maji hukasirika ikikutana na udongo.

Dumu litobolewe matundu manane hadi kumi chini kwa msumari wa moto, kisha utandike kokoto kidogo. Udongo mwekundu wa Handeni peke yake hukauka ukawa kama tofali ndani ya chombo. Uchanganye sehemu mbili za udongo wa juu, sehemu moja ya samadi iliyooza mpaka isinuke, na sehemu moja ya mchanga wa mtoni. Korogwe, ambako mabonde ya Pangani na Luengera yana udongo mzito unaoshika maji, ongeza mchanga. Panda vipande vinne kwa dumu, vifundo viwili viwe chini ya udongo, na shindilia kwa vidole taratibu. Funika uso wa udongo kwa majani makavu au pumba za mpunga. Tandiko hilo la vidole viwili hupunguza maji yanayopotea na kuzuia udongo kurukia majani mvua inaponyesha.

Weka dumu upande wa mashariki wa nyumba. Huko litapata jua la asubuhi tangu saa moja hadi saa tano, kisha ukuta wenyewe utalikinga. Mnanaa unapenda mwanga lakini jua la saa saba mchana la Februari hukausha majani yake hata udongo ukiwa na maji. Ukitaka kujua kama kivuli kimezidi, tazama shina: likirefuka na vifundo vikiachana mbali, na majani yakawa madogo ya rangi hafifu, sogeza chombo kwenye mwanga. Liinue juu ya mawe au matofali, kuku wasilipekue na maji yatoke chini kwa urahisi. Wakati mzuri wa kuanza ni mvua za vuli zinapofunguka, Oktoba au Novemba, au mwanzoni mwa masika mwezi wa Machi. Kwa kuwa ni chombo cha kuhamishika unaweza kuanza mwezi wowote, ila Januari na Februari zitautesa mche mchanga.

Mtu wa Korogwe anaweza kuuliza: kwa nini nijibane na dumu na mimi nina bonde lenye rutuba na maji? Kwa sababu mbili. Ya kwanza, mnanaa hutuma mashina chini kwa chini, kila kifundo kikatoa mizizi, na ukiuachia ardhi yenye unyevu utaingia kwenye mchicha, kisha kwenye nyanya, na kipande kidogo kilichobaki baada ya palizi huanza upya. Kuta za dumu ndizo mpaka wake. Ya pili, masika ya Aprili hutuamisha maji mabondeni, na mizizi ya mnanaa, kwa jinsi inavyopenda unyevu, huoza ikisimama ndani ya maji. Chombo kile kile kinachobana maji Handeni ndicho kinachoyaondoa Korogwe.

Kuchuma ndiko kupalilia

Mwanzoni wengi huuonea mmea huruma, wakang'oa jani moja moja kutoka chini. Huko ndiko kuudhoofisha. Miche ikifika urefu wa shubiri moja, baada ya wiki sita hadi nane, kata ncha juu kidogo tu ya jozi ya majani. Tazama kwa makini kwapa la kila jani katika jozi hiyo: kuna chipukizi dogo kama punje ya mtama. Ncha ikiondoka, machipukizi hayo mawili huamka, na shina moja likawa mawili. Ukikata tena juu yake utapata manne. Mnanaa unaochumwa kila wiki huwa kichaka, na usiochumwa huwa vijiti virefu vyenye majani juu tu. Usichukue zaidi ya theluthi moja kwa mara moja. Kila baada ya miezi miwili hivi, kata mmea wote ubaki vidole vitatu juu ya udongo, ongeza kiganja cha samadi, na uuache uchipue upya. Ukiwa na madumu mawili, yakate kwa zamu ili jiko lisikose.

Nchi yetu ina neema moja hapa. Mnanaa huelekea kutoa maua siku zikirefuka, na ukishachanua majani yake hupungua utamu na kuingia uchungu. Katika nchi za mbali na ikweta mchana wa kiangazi hurefuka kwa saa nyingi. Handeni na Korogwe ziko karibu nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta, na tofauti kati ya mchana mrefu na mfupi kwa mwaka mzima haifiki saa moja. Ukichuma kwa mpango, utapata majani laini miezi yote 12. Ukiona kishada cha maua kinaanza, kikate papo hapo.

Maradhi ni machache na yote yanataka macho, wala hayataki dawa. Kutu huonekana kama unga wa rangi ya machungwa chini ya jani. Kata mmea wote mpaka udongoni, choma ulichokata, na kama unarudi, tupa mmea na udongo wake uanze na kipande kingine. Utitiri huja kiangazi, jani likawa na madoadoa ya njano na utando mwembamba upande wa chini: osha upande huo kwa maji masafi siku tatu mfululizo. Vidukari vipanguse kwa kidole. Usipulizie sumu ya nyanya au ya mahindi, hata kidogo, kwa kuwa jani hili halimenywi na mara nyingi halipikwi. Kila baada ya mwaka mmoja au miwili mizizi itakuwa imejaza dumu lote. Mwaga kila kitu, chagua mashina mazuri ya pembeni, na panda upya katika udongo mpya.

Jikoni: mwisho wa moto

Kanuni ya kupikia mnanaa ni moja, na ukiielewa hutahitaji kukariri mapishi. Mafuta yenye harufu hayamo ndani kabisa ya jani, yamekaa juu ya ngozi yake katika vifuko vidogo visivyoonekana kwa macho. Ndiyo maana kuligusa tu kunatosha kunukisha vidole. Mafuta hayo huruka kwa joto. Ukichemsha mnanaa dakika kumi bila kifuniko, jiko zima litanukia, na harufu iliyojaa jikoni ni harufu iliyotoka sufuriani. Basi mnanaa uingie moto ukishazimwa, au usikutane na moto kabisa.

Kwa chai ya rangi ya vikombe vinne, chemsha maji, majani ya chai na sukari kama kawaida, ipua, tia mashina sita ya mnanaa uliyoyaponda kidogo kiganjani, funika dakika tano, kisha mimina. Ukitaka tangawizi, yenyewe ichemke tangu mwanzo, maana mzizi unahitaji moto na jani halihitaji. Kwa chatne, chukua kikombe kimoja cha majani yaliyoshindiliwa, nusu kikombe cha kotimiri, pilipili mbichi moja, punje mbili za kitunguu saumu, vijiko vitatu vya nazi iliyokunwa, maji ya ndimu moja na chumvi. Twanga kwenye kinu, kitunguu na chumvi kwanza, majani mwisho, na usiongeze maji ila kijiko kimoja au viwili. Ndimu huizuia isigeuke nyeusi upesi. Chatne hii ni ya bajia, mihogo ya kukaanga na mishkaki ya mbuzi, na nyama ya mbuzi hasa inaihitaji, kwa sababu ukali wa ndimu na utamu wa mnanaa hukata mafuta yake mdomoni.

Kachumbari ya sahani moja inatosheka na majani kumi, yaliyokatwa nyembamba kwa kisu kikali. Kisu butu huyaponda yakawa meusi. Choroko za nazi zikishaiva na kuipuliwa, nyunyiza kijiko kimoja cha majani mabichi juu. Mtindi uliotiwa tango lililokunwa, chumvi na mnanaa hukaa vizuri pembeni mwa pilau. Kwenye biriani, ambako kifuniko huibana harufu, tandaza majani machache kati ya wali na masala kabla ya kufunika kwa mvuke. Msimu wa machungwa unapojaa barabarani Kabuku na Muheza, kamua machungwa sita, ongeza ndimu nusu na mashina matatu yaliyopondwa, acha robo saa, kisha chuja. Anza na kidogo kila mara: kiungo hiki kikizidi hakiondoki.

Majani utakayokula mabichi yaoshe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, hasa wakati wa masika ambapo kipindupindu na magonjwa ya matumbo huvizia. Maji hayo hayo yarudishe kwenye dumu. Yakibaki majani mengi, funga mashina mafungu madogo, yaning'inize kivulini penye hewa siku tatu hadi tano mpaka yavunjike kwa mkono, na uyahifadhi kwenye chupa iliyofungwa mbali na mwanga. Kijiko kimoja cha makavu ni kama vijiko vitatu vya mabichi. Jua likiyakausha, litachukua na harufu.

Wanaopinga

Wapo watakaosema tuna mchaichai, tuna kivumbasi, tuna tangawizi, na havidai kubembelezwa. Ni kweli, na sishauri uving'oe. Lakini mchaichai ni jani la nyuzi, kazi yake inaishia kwenye maji yanayochemka, na hakuna anayeutia kwenye kachumbari. Kivumbasi ni kikali na wengi wanakijua zaidi kwa kufukuza mbu. Mnanaa unaziba nafasi iliyo wazi: jani laini, bichi, linaloingia kwenye sahani, moto ukiwa umeshazimwa. Katika mapishi yetu, ambamo kisamvu huchemka kwa saa nyingi na maharage huiva polepole, kitu kibichi cha kumalizia kina thamani yake.

Wengine watasema ni chakula cha Waarabu, si chetu. Jina lenyewe kweli lilitoka kwenye Kiarabu, kama majina mengi tunayotumia jikoni bila kuomba ruhusa. Lakini tukianza kutenga chakula kwa asili yake, ugali utaondoka mezani kwa kuwa mahindi yalitoka Amerika, na mhogo utaufuata, na machungwa yatarudi Asia. Mkonge uliojaza nyanda za Korogwe ulianza na miche 62 iliyosalia hai katika shehena aliyoagiza Mjerumani Richard Hindorf, mwaka 1893. Mmea huwa wa mahali kwa kupandwa na kutumiwa na watu wa hapo. Tena mnanaa huu si mgeni wa joto. Moroko na Misri, nchi za jua kali, ndiko chai yake iliko maarufu. Anayesema ni mmea wa baridi ya Lushoto peke yake anauhukumu kwa mahali alipouona.

Pingamizi zito zaidi ni la biashara: kama kitu hakiuzwi, kwa nini nikihangaikie? Nasema usianze kwa kuuza. Fungu la mnanaa hunyauka siku ile ile likichomwa na jua, na wanunuzi wa hakika Handeni na Korogwe ni wachache, kama migahawa ya barabara kuu na wauza chai na bajia. Biashara hiyo ipo, lakini ni ya mafungu machache yanayofikishwa asubuhi kwa mteja aliyekwisha agiza, na wa kwanza kuifaidi ni yule ambaye tayari ana madumu mawili yanayomzidi. Faida ya kwanza ni ya mezani. Na usiuze wala kuutumia kama dawa ya ugonjwa. Kikombe cha mnanaa baada ya kula huwapa wengi nafuu ya tumbo lililojaa gesi, lakini mwenye kiungulia cha mara kwa mara kinaweza kumzidishia, na homa ni ya kupimwa hospitali.

Anza basi na dumu moja. Likiwa limekolea, kabla hujafikiria la pili, kata vipande vinne uvioteshe mizizi, na umpe jirani. Hili nalishauri kama sehemu ya kilimo chenyewe. Kwa kuwa mnanaa hauhifadhiwi kwa mbegu, hakuna pakiti utakayoiweka kabatini kungojea mvua. Akiba yake ni mmea hai ulio mahali pengine. Itafika wiki ya Februari ambayo bomba halitoi, au umesafiri, na dumu lako likakauka. Siku hiyo utavuka ua kwenda kwa yule uliyempa, ukate vipande vinne, uvirudishe kwenye glasi, na baada ya wiki mbili nyuzi nyeupe zitakuwa zimechomoza tena. Nyumba tano zenye dumu moja kila moja zinaulinda mnanaa wa kitongoji zaidi kuliko nyumba moja yenye madumu matano.